Kilichomuua Kuku: Kisu au Ganzi?

Juma hili nimepokea barua ya mama mmoja wa Tabata, jijini Dar es Salaam. Ni barua ya kurasa nne, imeandikwa kwa uchungu, na nimeona heri mazungumzo yote ya leo yawe jibu lake.

Mama huyu anafuga kuku wa kienyeji uani kwake. Mtetea wake mmoja alikaa siku tatu akijikamua yai bila yai kutoka. Tumbo likajaa, akaacha kula, akawa amesimama wima na mkia ameushusha. Mtoto wa shemeji yake, kijana aliyesoma mambo ya mifugo na ambaye huwachanjia watu kuku wao pale mtaani, akaitwa. Akaja na kisu kidogo, uzi, na chupa ya dawa ya ganzi. Kuku akalazwa chali juu ya meza, mtoto mmoja akamshika. Kijana akajaza bomba la sindano, mililita tano, akamdunga kuzunguka tumbo. Hata kisu hakijagusa ngozi, kuku akaanza kutetemeka, akapinda shingo nyuma, akapiga mabawa mara tatu nne, akanyamaza.

Kijana akasema kuku hawavumilii dawa ya ganzi, ndivyo alivyofundishwa, na kwamba laiti angempasua mkavu, bila dawa yoyote, angepona. Mama akasema kijana ana mkono mzito. Tangu siku hiyo salamu zao ni za kuinamisha kichwa tu. Mama anauliza: Daktari, kilichomuua kuku wangu ni nini? Na je, kuku anaweza kweli kupasuliwa tumbo akaishi?

Swali la mwisho nalijibu kwanza, kwa kuwa ndilo jepesi. Anaweza. Kuku hupasuliwa gole, firigisi na tumbo, hushonwa, na siku chache baadaye huparura jalalani kama wenzake. Nimeyafanya mwenyewe na nimeyaona yakifanywa na wengine. Lakini kuku si mbuzi mdogo mwenye manyoya, na anayemwendea kama mbuzi mdogo atamuua, awe na dawa au asiwe nayo.

Tuanze na pumzi. Wewe na mimi tuna kiwambo cha nyama kinachotenganisha kifua na tumbo, na hicho ndicho kinachotusaidia kuvuta hewa. Kuku hana. Mapafu yake ni madogo, yamebanana na mbavu upande wa mgongoni, wala hayatanuki na kusinyaa kama yetu. Kazi ya kuvuta hewa hufanywa na vifuko vyembamba mfano wa ule utando ulio ndani ya ganda la yai. Vifuko hivyo vimetapakaa kifuani na tumboni, na vingine vinaingia hata ndani ya mifupa. Viwazie kama mivukuto ya mhunzi. Kinachoiendesha mivukuto hiyo ni mfupa wa kidari, ambao hupanda na kushuka kila kuku anapopumua.

Sasa mlaze kuku chali, halafu mwambie mtoto amshike barabara asipapatike. Mtoto atashika wapi? Atakandamiza kidari. Hapo mmemziba kuku pumzi ingawa hakuna aliyemgusa pua wala mdomo. Kuku wengi ambao watu husema waliuawa na dawa, waliuawa na mkono wa msaidizi. Hata kule kulala chali peke yake, matumbo na yai lililokwama vinaelemea mivukuto. Daktari anayejua kazi yake humlaza kuku ubavu kila inapowezekana, na akimlaza chali hahitaji mtu wa kumkandamiza, kwa sababu kuku amelala usingizi.

Jambo jingine ni kwamba ukifungua tumbo la kuku umetoboa mivukuto yenyewe. Katika nchi zenye mashine nzuri, ndege hulazwa kwa gesi, hasa ile iitwayo isoflureni, na kwa kawaida hiyo ndiyo njia bora, maana ukifunga bomba ndege anaamka mara moja. Lakini tumbo likishafunguliwa, sehemu ya gesi huvuja kupitia jeraha na kuwaendea waganga usoni, na ndege anaweza kuanza kuamka kati ya kazi. Kwa hiyo hata wenye mashine huweka sindano karibu. Sisi ambao mashine hizo tunazo katika mahali pa kuhesabika, sindano ndiyo njia yetu tangu mwanzo. (Maumbile hayo hayo yana upande wake wa heri: ndege aliyezibwa koo huweza kuwekewa mrija kwenye kifuko cha tumboni akapumua kwa huko. Wanafunzi wakiliona mara ya kwanza hudhani ni kiinimacho.)

Wazee wetu waliiita dawa ya kulaza mgonjwa nusukaputi, neno lililobaki tangu enzi za Wajerumani: nusu ni yetu, kaputi ni yao, yaani kufa nusu. Neno hili linaelezea kazi hii vizuri kuliko vitabu vingi, maana kazi yenyewe ni kumfikisha mgonjwa nusu ya njia na kumrudisha.

Sindano ya nusukaputi iliyo ya kawaida kwetu ni ketamini. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, ikajaribiwa kwa watu mwaka 1964, na leo hospitali nyingi za wilaya Afrika zingepata taabu kubwa kuendesha upasuaji bila hiyo. Sifa yake ni kwamba haizimi pumzi kirahisi. Ila kwa kuku ketamini peke yake haitoshi. Humfanya awe mkakamavu, misuli imekaza, na wakati wa kuamka hupiga mabawa kama anayezama mtoni, akavunja bawa au kufumua nyuzi. Ndiyo maana huchanganywa na dawa ya kulegeza, kama vile zailazini au diazepamu. Zailazini inalegeza vizuri na kupunguza maumivu, lakini hupunguza pia mapigo ya moyo na pumzi, kwa hiyo haitaki mtu wa kukisia. Uzuri ni kwamba ipo dawa ya kuitangua mgonjwa akizidiwa.

Sindano hiyo huchomwa kwenye nyama ya kidari, si pajani. Sababu yake ni hii: damu itokayo miguuni kwa ndege huweza kupitia kwenye figo kabla ya kurudi moyoni, na dawa ikapotea au ikazidhuru figo zenyewe. Mtu aliyezoea kuchoma sindano pajani kwa mbuzi atashangaa kuku wake halali, ataongeza dawa, kisha ataongeza tena.

Tuje kwenye chupa ya kijana. Dawa ya ganzi inayotumika sana ni lignokeini, wengine huiita lidokeini. Iligunduliwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren, na mwenzake Bengt Lundqvist akajidunga mwenyewe kuijaribu. Ndiyo hiyo hiyo unayodungwa kabla ya kung'olewa jino. Kuhusu kuku, kwa miaka mingi ilisemwa kwamba ni sumu, kwamba ndege wana udhaifu wa pekee. Vitabu vya zamani viliandika hivyo, walimu wakafundisha hivyo, nami nikafundishwa hivyo.

Naomba mwenye kalamu achukue kalamu. Chupa imeandikwa asilimia 2. Maana yake, katika kila mililita moja mna miligramu 20 za dawa. Kijana alidunga mililita 5, yaani miligramu 100. Kuku wa kienyeji wa namna anayoelezwa na mama huwa na kilo moja na nusu hivi. Gawanya: ni karibu miligramu 67 kwa kila kilo ya mwili wa kuku. Madaktari wengi wa ndege hawapendi kuvuka miligramu 4 kwa kilo. Kuku huyu alistahili miligramu 6, yaani mililita 0.3, matone machache tu chini ya bomba. Alipewa zaidi ya mara 16 ya kiasi hicho.

Sasa linganisha na binadamu. Mtu mzima wa kilo 60 akidungwa kwa kipimo kile cha miligramu 67 kwa kilo, angepokea miligramu 4,000, ambazo ni chupa nne nzima za mililita 50. Hakuna ambaye angeshangaa akitetemeka na kufa. Na kipimo cha juu kinachoruhusiwa kwa mtu, lignokeini ikiwa peke yake, ni miligramu 4 na nusu hivi kwa kilo. Mnaona, wasikilizaji? Kikomo cha mtu na kikomo cha kuku havitofautiani sana. Kuku alisingiziwa. Kosa lake ni udogo. Bomba lile lile ambalo kwa mbuzi ni haba, kwake ni kisima.

Basi, mama, jibu la swali lako la kwanza. Kisu hakimo, maana hakikugusa. Mkono wa yule mtoto kwenye kidari naushuku, huenda ulichangia. Lakini kutetemeka, kupinda shingo, kupapatika kisha kimya, mara tu baada ya sindano, hizo ni dalili za ganzi iliyozidi. Kuku aliyebanwa pumzi peke yake huhema kwa mdomo wazi na upanga wake hubadilika rangi kuwa wa zambarau kwanza. Kwa hiyo naamini kuku wako aliuawa na hesabu ambayo haikufanywa.

Na kabla hujampelekea kijana maneno haya, ngoja nikueleze langu. Nilipokuwa daktari mchanga, nimetoka chuoni nina cheti na koti jeupe, niliitwa kwa mzee mmoja ambaye jogoo wake alimeza msumari. Nilikuwa nimetoka kupasua mbuzi wawili wiki hiyo, mikono ina moto. Nikavuta mililita tatu za lignokeini, nikadunga. Jogoo alikufa mbele ya mzee, mbele ya wajukuu, vivyo hivyo kama alivyokufa mtetea wa Tabata. Unajua nilimwambia nini mzee? Nilimwambia kuku hawavumilii ganzi. Akaniamini, maana nilikuwa daktari. Nikaendelea kuwaambia na wanafunzi walionifuata kazini, miaka kadhaa, mpaka siku moja nikakaa na penseli nikapiga hesabu niliyowapigieni sasa hivi. Nilitoka nje nikakaa barazani peke yangu. Kijana wako hakubuni uongo, mama. Alipewa, na huenda ulipita mikononi mwangu.

Uongo huo ulikuwa na ubaya mkubwa kuliko kuua kuku mmoja. Ulimpa mtu ruhusa ya kumpasua kuku mkavu. Katika nchi kadhaa majogoo wadogo huhasiwa ili wanenepe. Ufaransa jogoo wa namna hiyo ni chakula cha Krismasi. Korodani za jogoo zimo ndani, karibu na figo, kwa hiyo kumhasi ni kumfungua kwa kisu kati ya mbavu za mwisho. Kwa karne nyingi hilo limefanywa bila ganzi, kwa hoja kwamba jogoo akiachiwa hunyanyuka akala, basi hakuumia.

Kuku ni windo la mwewe na kicheche. Windo linalolia maumivu hadharani halidumu. Kunyamaza kwake si ushahidi wa kutosikia. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio ambalo nalipenda kwa urahisi wake. Waliwapa kuku wa nyama vyakula viwili vya rangi tofauti, kimoja kikiwa na dawa ya kutuliza maumivu. Kuku waliokuwa wakichechemea walikula zaidi chakula chenye dawa kuliko kuku wazima, na kadiri walivyozidi kuchechemea ndivyo walivyozidi kukila. Na hapa kwetu tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama bila sababu.

Niseme na jambo ambalo baadhi yenu mnalifikiri. Kuku wa nini apewe nusukaputi, kwa bei ya kuku? Sitawadanganya. Kwa kuku wengi wa mayai, gharama ya upasuaji inazidi thamani ya kuku, na mwenye mali akiamua kumchinja mapema, kabla hajapewa dawa yoyote na angali anafaa, simlaumu hata kidogo. Kisu kikali cha mara moja ni huruma kuliko siku tatu za kujikamua. Lakini kuna jogoo wa Kuchi ambaye ni mbegu ya kijiji kizima, kuna kuku wa mtoto, na kuna kuku ambaye mwenyewe ameamua tu kwamba huyu atatibiwa. Akishaamua hivyo, kumpasua mkavu hakumo tena.

Ingefanywaje, basi? Kwanza, huenda isingefika kwenye kisu. Kuku mwenye yai lililokwama huwekwa mahali penye joto na utulivu, akapakwa mafuta laini njiani, akapewa madini ya chokaa, na daktari anaweza kulitoboa yai kwa sindano, akanyonya ute na kiini, kisha akaliminya na kutoa maganda taratibu. Wengi hupona hapo. Wasiokupona, na wale ambao mayai yameozea ndani ya mrija au yamedondokea tumboni, hao ndio wa kupasuliwa.

Kuku hupimwa kwenye mizani. Narudia, mizani, hata ya duka la mchele itafaa, na gramu zake huandikwa kwenye karatasi kabla bomba halijafunguliwa. Gole hupapaswa kuona kama ni tupu, maana chakula kikirudi kooni akiwa amelala kitamkaba. Ila asifungiwe njaa mchana na usiku, kwani mwili mdogo huishiwa sukari haraka. Hupewa mchanganyiko wa usingizi kwenye kidari, hufunikwa macho, huachwa kimya. Akifinywa kidole cha mguu asipouvuta, na pumzi yake ikawa inakwenda sawasawa, amelala.

Ndipo ganzi inapoingia, mililita 0.3 zile zile. Kijana atauliza: tone hilo litaenea wapi? Unalizidisha wingi kwa maji ya chumvi ya hospitali. Ongeza mililita 0.9 na utapata mililita 1.2, dawa ile ile lakini inayotosha kupita mstari mzima wa kisu. Kabla ya kusukuma unavuta bomba kidogo nyuma kuhakikisha hujaingia kwenye mshipa wa damu. Ganzi hii huifanya ngozi na nyama zisisikie kisu, kwa hiyo dawa ya usingizi huhitajika kidogo, na kuku huamka bila moto wa jeraha. Lakini ganzi haifiki ndani kabisa. Ukivuta mrija wa mayai, kuku mwenye ganzi tupu atasikia, tena atakuwa macho akiona yote. Kwa ajili hiyo hutumika dawa mbili, kila moja kwa kazi yake.

Kuna maadui wengine wawili: baridi na damu. Joto la kuku ni digrii 41 hivi, na aliyelala hawezi kujipasha. Ukimnyonyoa tumbo zima na kumlowesha spiriti, atapoa mikononi mwako. Nyonyoa pa kisu tu, na umzungushie chupa za maji ya moto zilizoviringishiwa khanga. Ama damu, kuku wa kilo moja na nusu ana mililita mia moja na ushee mwili mzima. Kijiko kimoja cha chakula kikimwagika, umeshamwaga zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Akishashonwa huviringishwa kitambaa, mabawa yakiwa ndani asijipige, akawekwa kwenye boksi lenye giza, kichwa kimeinuliwa kidogo. Mtu akae naye. Atainua kichwa, kitaanguka, atakiinua tena. Maji apewe akishaweza kusimama, wala si kabla. Na apewe dawa ya maumivu kwa siku zinazofuata, maana ganzi huisha upesi.

Mama anauliza mwisho kama kuku angepona, mayai na nyama yake vingelika. Si siku zile. Dawa hizi hazikutengenezwa kwa kuku wa kuliwa, kwa hiyo daktari aliyezitumia ndiye apange muda wa kusubiri, na asipoutaja muulize. Yule aliyekufa mezani alikuwa kibudu, na mama anasema walimzika chini ya mpapai. Walifanya vema.

Mama, nakutumia kwa posta karatasi yenye hesabu ile ya mililita 0.3, nimeiandika kwa herufi kubwa. Nimeandika mbili. Moja ni ya kijana, na kwa nyuma nimemwekea anwani yangu, akipenda aje siku nina kuku wa kupasua. Aje na mizani.